Mbuzi Wasiotoka Tena

Pale Naipingo, ukitaka kuona banda la mbuzi ambalo hata mwizi hulikatia tamaa, nenda kwa Letisia. Limeinuliwa juu ya magogo, na kuta zake ni mianzi iliyobanana hata kidole hakipiti. Limezungushiwa uzio wa miti, juu ya uzio kuna miiba, na juu ya miiba kuna seng'enge. Seng'enge hiyo aliinunua Nachingwea mjini akaibeba kichwani njia nzima, kwa sababu Letisia hapandi bodaboda tena.

Mbuzi wenyewe ni watano tu. Kila mmoja amevalishwa shingoni pembetatu ya miti, ili kichwa kisipenye penye upenyo. Kinu kimehamishwa, rundo la kuni limehamishwa, maana mbuzi akipata pa kukanyaga, umemkosa. Mkubwa wao ni jike mwenye doa puani, anaitwa Waziri kwa sababu zamani hakuwa mtu wa kukaa kwake. Wapita njia humtania mwenye banda: "Letisia, hao ni mbuzi au wafungwa?"

"Wafungwa wana afadhali," huwajibu. "Wao wana siku ya kutoka."

Nao hucheka, wakaenda zao. Hawajui kwamba kicheko ndicho kinachommaliza.

Tuuseme ukweli hapa hapa, maana yeye mwenyewe kila akiusema hausikiki. Msimu wa korosho ukifika, chini ya mikorosho hujaa mabibo, na mbuzi kwa mabibo hasikii la mtu. Kumfungulia mbuzi wako akale kwa mwenzio ni kosa, utaitwa ofisi ya kijiji. Lakini mbuzi akijitoa kamba mwenyewe, utamfanya nini? Mbuzi ni mbuzi. Basi watu walikuwa na fundo lao. Ukilitazama limekaza, ukilivuta limekaza, ila mbuzi akivuta mara ya pili linaachia. Nusu ya kijiji walilijua, na hakuna aliyelitaja. Letisia alilifunga vizuri kuliko wote. Alfajiri alilifunga, na saa mbili mbuzi walikuwa kwenye mikorosho ya ng'ambo ya barabara, naye amesimama uani akilalamika kwa sauti ya kusikiwa, "Hawa mbuzi hawa, watakuja kunitia aibu!"

Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka juzi, Waziri aliwaongoza wenzake kuvuka barabara. Rashidy, mtoto wa Swaumu wa nyumba ya pili, alikuwa anarudi na bodaboda yake kutoka kumpeleka abiria kwenye basi la Ruangwa. Aliwakwepa mbuzi. Hakuukwepa mkorosho. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Watu wakasema ni kazi ya Mungu. Swaumu, akiwa amekaa mkekani na macho makavu, alimshika Letisia mkono. "Mbuzi hana akili, mtani. Usijilaumu." Letisia alifungua kinywa aseme, akaishia kuunyoosha mkeka.

Lazima ujue kwamba ukoo wa Letisia, ambao babu zao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na ukoo wa Swaumu ni watani. Kwenye msiba mtani ana kazi yake, nayo ni kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa kilio. Atamwiga marehemu, atamsema, atazuia njia, na hakuna wa kumkasirikia. Neno la mtani msibani halishikwi. Basi Letisia, wakati maiti bado imo ndani, alivaa koti la Rashidy, akavaa na kofia ngumu ambayo kijana aliiacha nyumbani siku ile. Akakalia kinu kilicholazwa, akaunguruma kwa mdomo kama pikipiki. Kofia ilinukia mafuta ya nywele ya mwenyewe. Ile harufu ikamvunja, na maneno yakamtoka:

"Mnamlilia nini? Muuaji si ndiye mimi hapa! Fundo nimelilegeza kwa mkono wangu huu! Mbuzi nimewatuma mwenyewe!"

Uani kukalipuka kicheko. Swaumu alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo machozi yakapata njia. "Mtani huyu!" alisema akilia. "Mtani huyu jamani!"

Tangu hapo Letisia hana raha. Asubuhi, jua likishapanda kidogo, husikia pikipiki inakuja kutoka upande wa barabara kuu. Inakaribia, inakaribia, halafu inakatika. Hutoka mbio, na barabara huwa nyeupe, haina hata vumbi. Angesema ni masikio yake tu, lakini akigeuka hukuta mbuzi wote watano wamenyanyua vichwa, wanatazama palepale. Basi siku hiyo ataongeza mti mwingine kwenye uzio. Na vidole vyake navyo vina mambo yao. Mara tatu amejikuta amefunga gunia la unga kwa lile fundo, bila kukusudia, na kila mara alilikata kwa kisu akiogopa hata kulivuta.

Alijaribu kutubu. Siku moja kisimani alimwambia Swaumu, "Mtani, mimi ndiye niliyemwua Rashidy." Swaumu akamchapa bega akicheka, "Na ubani wa msiba hujaleta, muuaji gani wewe!" Akajitwika ndoo yake akaondoka. Ukishakuwa mtani wa mtu, ukweli wako utampelekea nani?

Oktoba hii, mchana, Swaumu alikuja akivuta mbuzi jike mchanga aliyemnunua Ruangwa sokoni.

"Nifundishe kufunga, mtani. Huyu kila siku yuko nje, na wote wanasema hakuna ajuaye kufunga kama wewe."

Letisia aliitazama kamba mkononi mwa Swaumu. Alijua kwamba akiiacha siku hii, hatausema ukweli tena mpaka anazikwa. Akaichukua kamba, akamfunga yule mbuzi kwenye nguzo ya uzio.

"Vuta," alisema.

Swaumu akavuta. Likakaza.

"Vuta tena."

Kamba ikaachia yote mkononi mwake, na mbuzi akaanza kujiondokea taratibu.

"Hivyo ndivyo nilivyofunga siku ile. Nilijua watatoka. Nilitaka watoke, wakale mabibo. Sitanii, Swaumu."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Tabasamu lilibaki kidogo usoni mwa Swaumu, kisha likaondoka. Mbuzi alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara. Swaumu ndiye aliyekimbia. Alimkamata pembe, akamrudisha, akasimama akihema, amempa mwenzake mgongo.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa sipati pumzi. Uliponichekesha ndipo nikapata. Sasa kama hukuwa unatania, mimi nilicheka nini mbele ya maiti ya mwanangu?"

Swaumu aliizungushia kamba kiganjani.

"Ulikuwa utani. Sema."

"Swaumu..."

"Usiniite hivyo. Sema, mtani."

Pikipiki ilipita barabarani, ya kweli, na abiria wawili, ikaenda zake. Letisia aliisikiliza mpaka ikapotea. Akaona kwamba mzigo wake hauna mwingine wa kuupokea.

"Ulikuwa utani," alisema.

"Ehe." Swaumu alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akageuka, akamnyooshea kamba. "Haya, nionyeshe fundo la kukaza."

Letisia akasogea, akaishika mikono ya mama yake Rashidy, na kidole kwa kidole akamfundisha kufunga.