Fidla Mapajani

Shukrani zote ni zake Mola, aliyetupa masikio kabla hatujajua kuyatumia. Juzi, baada ya sala ya alasiri, niliarifiwa kwamba fundi cherehani wa Konde, mume wa mdogo wangu, ametangulia mbele ya haki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Wengi mlimjua kwa kanzu alizowashonea. Mimi nilimjua kwanza kwa fidla.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Alipoleta posa, marehemu baba yangu alisita. Kijana mpole, husali jamaa msikitini, lakini anapiga fidla katika kikundi cha taarabu! Nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Mgogoni, basi baba akaniambia, "Nenda kawasikilize Idi hii, uje uniambie ni mtu gani." Nikapanda gari la abiria mpaka Wete, kikundi chao kilikokuwa kikipiga. Wapigaji kumi na wawili walikuwa wamekaa na fidla, udi, kanuni ya nyuzi nyingi na ngoma ndogo. Wanapiga tu, mwimbaji hajasimama. Nikadhani wanatengeneza nyuzi, nikaanza kumsimulia jirani yangu, mzee mchukuzi wa karafuu, ubovu wa njia. "Wataanza saa ngapi hawa?" nikauliza. Akanitazama. "Mwalimu, chuoni kwako watoto huzungumza ukisoma?" "Hawathubutu." "Basi nyamaza. Hii ndiyo bashrafu, ala tupu. Wameanza zamani, na sasa wanakaribia kumaliza." Wa nyuma wakacheka.

Nilimweleza baba ukweli. "Basi huna ushahidi," akasema. "Utarudi Idi ya kuchinja." Siku ile mdogo wangu alinipakulia ukoko mtupu. "Kula, kaka. Mdomo wako umenichelewesha miezi miwili na zaidi."

Mara ya pili nilifunga mdomo. Udi ukasema, kanuni ikajibu, wala hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Yule kijana alikuwa ameilaza fidla mapajani, macho kayafumba, anasikiliza. Zamu yake ilipofika alipiga kidogo, kwa upole, hata nikahisi kifua kimenifunguka; kisha akairudisha mapajani. Nikatambua kuwa kule kungoja nako kulikuwa kupiga. Nilimwambia baba, "Nimemwona mtu anayejua kungoja, na zamu yake ikifika hapitilizi haki yake." Baba akasema, "Mwite mdogo wako."

Tangu hapo sikukosa Idi hata moja, na kila mara nilisikia kitu ambacho mara iliyopita kilinipita. Siku hizi barazani kwetu, hata mikutanoni, kila mtu anataka kusikika na wa kusikiliza hayupo. Tunadhani apigaye kabla ya mwimbaji si kitu.

Jana nilikwenda kumtazama mdogo wangu, yuko edani. "Kaka," akaniambia, "miaka yote ile hakunikatiza neno." "Na wewe?" "Mie nilimkatiza kila siku." Akacheka, kisha akalia, nami sikusema kitu. Nilikaa naye mpaka akamaliza. Hilo nalo nilifunzwa na marehemu.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie sikio lenye subira, na nyumbani kwako asikose wa kukusikiliza. Amin.