Vidoa Kwenye Damu ya Chiriku

Fundi betri na mkewe walikuwa na binti mmoja, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema mdomo wake haukupumzika. Ndiyo maana aliponyamaza, nyumba nzima iliingiwa na hofu. Alishika tumbo, akakataa chakula, na ukimfunua kope ndani kulikuwa kweupe. Mama yake akampa dawa ya minyoo. Wapi!

Hospitali wakampima damu. Daktari, mama wa makamo, akawaita wazazi na kufunga mlango.

"Mtoto ana risasi kwenye damu."

Mkewe akaruka. "Nani kampiga mwanangu?"

"Hajapigwa, dada. Risasi ile madini, ya kwenye betri."

Fundi akaficha mikono chini ya meza. Betri zilizokufa alikuwa akizivunja nyuma ya jiko, anayeyusha vyuma vyake kwenye sufuria kuukuu, na Chiriku huchezea mavumbi palepale.

Daktari akaeleza taratibu. Chembe nyekundu ya damu ikishakomaa hubaki na mabaki ya maagizo ya kikemikali yaliyoijenga. Mabaki hayo hukatwakatwa, kisha kimeng'enya fulani, kichocheo cha mwilini, huvimalizia vile vipande ili vipate kutoka nje. "Risasi inakizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Takataka zinajaa ndani, chembe inapasuka kabla ya wakati wake. Kwenye darubini tumeziona, vidoa vya bluu."

"Nitoe damu mimi, apewe yeye," fundi akasema.

"Baba, damu yako naiogopa zaidi."

Chiriku akalazwa, akaanzishiwa dawa ya kuvuta risasi itoke kwa mkojo. Fundi naye akapimwa, akapewa ya kwake. Alibomoa mafiga ya kuyeyushia, akachota udongo wote wa uani, ukachukuliwa na watu wa afya, akaoga mpaka ngozi ikawaka. Bado akienda wodini alisimama mlangoni, anaogopa kumgusa mwanawe. Mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Vipimo viliposhuka, mtoto akaanza kuwachosha wauguzi kwa maswali. Fundi akapata kazi duka la betri mpya, zilizofungwa, hakuna kuyeyusha.

"Damu imepona," daktari aliwaambia. "Kichwa tutakijua akianza shule. Risasi hugusa na ubongo."

Sasa Chiriku anajifunza kusoma. Jioni baba yake hujifanya anafagia ukumbini, sikio liko chumbani. Juzi alisikia mtoto akisoma "dada" mahali pa "baba", ufagio ukamponyoka.

"Watoto wote huchanganya," mkewe akamwambia.

"Wote?"

"Wote, mume wangu." Lakini naye alikuwa ameacha kukunja nguo, anasikiliza.