Mtungi Usiotoa Jasho

Hadi leo nikiona mtungi unang'aa, roho inanichafuka. Wifi yangu ndiye aliyenifikisha hapo.

Ilikuwa mwaka wa njaa, baada ya askari wa Mjerumani kuchoma mashamba ya mpunga na maghala yetu pale Mofu. Mume wangu walikuwa wamemchukua kubeba mizigo yao, na mama yake, mama mkwe wangu, siku hiyo akageuzia uso ukutani. Chakula hataki. Uji wa mizizi ya porini, hata huo mchungu, aliutema. Siku ya nne akanong'ona, "Boga la baridi. Nikipata hilo, nitakula."

Boga la baridi! Mwaka ule! Nikatembea mpaka Katindiuka, nikabadilisha kaniki yangu nzuri kwa boga moja tu, maana mwenye boga aliniambia hana jingine. Njiani nilikuwa nalikumbatia, kila mtu nikimwona mwizi.

Nikalichemsha, nikaliponda, nikatia asali kidogo iliyobaki kwenye kibuyu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mtungi. Mtungi mpya ukiuweka kivulini juu ya mchanga mbichi, unatoa jasho, na kilichomo kinapoa mpaka meno yanauma. Nilikuwa nao mmoja, nimeutunza. Nikamimina, nikafunika, nikangoja.

Jua likapita utosini. Naugusa, mkavu. Naumwagia maji, yanateleza kama kwenye jani la myugwa.

"Wifi! Umeufanya nini mtungi wangu?"

"Nimekusaidia," akasema, anatabasamu kabisa. "Ulipokwenda Katindiuka niliupaka mafuta ya nyonyo, nikaukausha motoni. Chungu kipya bila mafuta si kitapasuka?"

"Chungu cha kupikia, wifi! Cha kupikia! Huu ni wa kupozea! Mafuta yameuziba, jasho litatokea wapi?"

Loo, nililia kwa hasira. Nilitamani kumrushia huo mtungi. Mtungi mwingine wa kuhamishia hatukuwa nao. Mingine yote askari waliivunja. Jioni boga lilikuwa vuguvugu, limeanza kuchachuka. Nikampelekea hivyo hivyo.

Mama mkwe akalamba kidole. Akakunja uso. Kisha, mtu ambaye siku zote hizo hakuinua kichwa, akaketi.

"Hili ndilo boga la baridi? Nani kaupaka mtungi mafuta? Nyumba nzima ya wanawake, hakuna anayejua mtungi!"

Alifoka, anakula. Alifoka mpaka akafuta bakuli kwa kidole, na wifi kajificha nyuma ya mlango.

"Kesho," akasema, anahema, "leteni boga jingine. Nitalipoza mwenyewe, muone. Mwanangu akirudi asikute upuuzi huu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Asubuhi nikavua shanga zangu za kiunoni, nikazifunga kwenye jani, nikashika tena njia ya Katindiuka, kwa mtu aliyekwisha kuniambia hana.