Tulivyosoma Matangazo Ndani ya Lifti

Kabla hujaondoka, mwanangu, nikusimulie siku ile; naikumbuka kwanza kwa harufu: gundi ya viatu vipya na jasho la watu watatu ndani ya chumba cha bati. Nilikuwa bado kijana, sina mvi hata ya kusingizia, nikinunua viatu Guangzhou na kuvipeleka Iringa. Tulikuwa kwenye jengo moja la maduka ya jumla kule Zhanxi, ndani ya lifti ya mizigo, tukishusha maboksi yetu ya mwisho.

Mmoja wetu alikuwa Festo, mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa miraba minne aliyefika China kwa mara ya kwanza. Mwingine alikuwa Bi Mwanakheri wa Unguja, mfanyabiashara mtu mzima ambaye sisi wageni tulimfuata kama vifaranga, kwa kuwa Kichina cha sokoni alikijua na wenye maduka walimheshimu. Festo alikuwa na ndege jioni ile. Viza yake nayo ilikuwa inaisha siku hiyohiyo, na mgeni aliyepitisha muda wa viza katika nchi ya watu hulala akisikiliza nyayo za mlangoni.

Lifti ilishuka kidogo, ikatetemeka, ikasimama. Taa ikazimika, ikabaki nyingine ndogo ya manjano juu ya vitufe. Bi Mwanakheri akabonyeza kengele. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kitundu, ikasema maneno mawili matatu, ikakatika.

"Anasemaje?" Festo akauliza.

"Deng yixia. Tungoje kidogo, wamekwenda kumwita fundi."

"Kidogo yao au kidogo ya kwetu?"

Hakuna aliyecheka. Simu hazikushika mtandao. Tukangoja. Festo aligonga mlango, akapiga kelele, asije mtu. Alichomoa mpini wa chuma wa toroli letu la maboksi, akauchomeka katikati ya milango, akasukuma kwa mwili mzima mpaka ikaachana. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa zege. Lakini usawa wa kifua changu ilianza sakafu ya ghorofa tuliyotoka, na juu yake mwanya. Niliona mwanga wa maduka na miguu ya meza. Mtu mwembamba angepita. Mtu kama Festo angepita kwa kujikamua.

Akausimamisha ule mpini mwanyani ili milango isijifunge, akapanda juu ya maboksi. Kichwa na bega moja vikatoka nje.

"Festo," Bi Mwanakheri akaita. Hakupaza sauti. "Teremka, mwanangu."

"Mama, ndege yangu inaondoka!"

"Itaondoka, na siku nyingine itaruka nyingine. Miguu hakuna duka linaloiuza, hata hapa Guangzhou. Chombo hiki kikijivuta sasa hivi, nusu yako itabaki na sisi. Hebu teremka."

Alibaki pale akihema. Mimi nilikuwa nimeshika suruali yake, na sijui kama nilikuwa namvuta au namsukuma, maana moyo wangu nao ulitamani atoke akatuitie watu. Mwishowe akateremka, akakaa sakafuni. Akasema hewa inaisha. Jicho lake halikubanduka pale mwanyani, nami nikajua kwamba punde atapanda tena, na safari hiyo hatasikia la mtu.

Bi Mwanakheri akanigeukia. "Neema, mkobani mwako mna kitu cha kusoma?"

Mlikuwa na kitabu cha katuni. Nilikinunua asubuhi kwa mzee mmoja aliyetandaza vitu vikuukuu karibu na stesheni ya reli, zawadi ya kaka yangu aliyependa kuchora. Kilikuwa cha Kiingereza, cha zamani kuliko mimi, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

"Soma. Kwa Kiswahili, na kwa sauti."

Nikasogea chini ya taa. Shujaa wake alivaa joho la zambarau na kinyago. Mchana alikuwa mwoka mikate, hakuna aliyemjua. Mtaalamu mmoja mwovu alitaka kuuzamisha mji, naye shujaa akabeba daraja mabegani, treni ikiwa juu yake. Festo alisikiliza nusunusu. Ukurasa wa mwisho shujaa alikuwa chini ya maji, amefungwa minyororo, na maandishi yakatuambia tununue toleo lijalo.

"Kimeisha," nikasema.

"Na hizo kurasa za nyuma?"

"Ni matangazo tu, Bi."

"Soma matangazo."

Basi nikasoma matangazo, mwanangu, kama mtu anayesoma misa. La kwanza lilikuwa la miwani ya kuona ndani ya ukuta.

"Muulize," akasema Bi Mwanakheri, "nikichukua katoni nzima ananipa bei gani? Na kama kweli inaona ndani ya ukuta, mbona yeye bado anahangaika kuuza miwani?"

Likafuata la mkanda wa kumfanya mnyonge awe pande la mtu, na picha mbili, kabla na baada.

"Hao ni watu wawili mbalimbali. Watazame masikio."

Nikatazama. Kweli, masikio hayakufanana. Festo akajisogeza, akataka naye aone. Nikamsomea la mayai ya viumbe wa majini: ukiyamwagia maji wanaanguliwa, nao wamechorwa na mataji vichwani kama ukoo wa kifalme.

"Dagaa hao," Festo akasema, na sauti yake ikawa ya mtu tena.

"Wewe ndiye mwenye duka," Bi Mwanakheri akamrukia hapohapo. "Nipunguzie."

"Hakuna punguzo, mama. Dagaa wenye taji!"

"Tai gui le! Ghali mno. Naondoka zangu."

"Unaondokea wapi?" Festo akauliza, na hapo ndipo tulipocheka.

Katikati ya kicheko hicho lifti ikashuka ghafla. Sikupata hata muda wa kupiga ukelele. Dari ikakutana na sakafu ya ile ghorofa. Mpini wa chuma ukalia, ukapinda kama waya wa kuanikia nguo, ukaanguka miguuni petu. Mwanya haukuwepo tena.

Festo aliutazama ule mpini bila kupepesa. Bi Mwanakheri akamvuta kichwa, akakiegemeza begani pake. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha, "Haya, Neema. Tangazo linalofuata." Ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka; muda wote niliposoma alikuwa ameificha ndani ya mtandio.

Mafundi walitutoa jioni, na ndege ilikuwa imekwenda. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake Bi Mwanakheri aliacha shughuli zake, akampeleka Festo kwa askari wa uhamiaji, akaeleza, akaketi naye kwenye benchi mpaka wakamwachia kwa onyo. Siku chache baadaye tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun. Leo ana duka lake Makambako na wajukuu wanaomkimbiza uani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliona jinsi guu lilivyokaribia kuvunjika.

Tukirudi kutoka uwanja wa ndege nilimuuliza Bi Mwanakheri kwa nini alinisomesha upuuzi ule. Akanijibu, "Mwenye hofu ukimwambia 'acha' tu, umemwachia hofu yake mikononi. Mpe kitu kingine cha kushika."

Basi, mwanangu, shika mawili. Mkubwa akikwambia usubiri wakati damu inakuchemka, subiri kwanza, hasira zako utamwambia baadaye ukiwa mzima. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa, usidhani kazi yako imeisha ukishamzuia mtu. Kumzuia ni neno moja. Kukaa naye ndiyo kazi, nawe unaogopa kama yeye, unatafuta la kusema hata kama ni la kipuuzi.

Nenda salama. Mungu akutangulie uendako, akupe wenzi wema njiani, na akurudishe kwenu ukiwa na afya na uso mkunjufu. Amina.