Nailoni ya Godoro la Shamimu

Nyumbani kwa Mwanahawa, kule Itetemia, kila kitu kizuri kilivaa nailoni. Makochi yalikuwa na nailoni zake tangu siku yalipoletwa, rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya mfuko, na mashuka aliyoyatarizi mwenyewe yalilala kabatini yamefungwa kama mikate. Vumbi la kiangazi cha Tabora halina adabu, alisema, na kitu kikishachakaa hakirudi. Mumewe, Saidi, fundi seremala mwenye maneno ya pembeni, aliwaambia wageni kwamba yeye alinusurika kwa sababu tu nailoni ya saizi yake haikupatikana.

Mwanahawa alikuwa mtu wa hofu. Shule aliishia darasa la saba, akafundishwa na shangazi yake kutarizi foronya na mashuka ya maharusi, na kwa sindano hiyo akasaidiana na Saidi kujenga nyumba yao kando ya barabara ya kwenda Kwihara. Maharusi wengi wa Tabora wamelala juu ya maua yake. Lakini godoro lenyewe hakuwahi kulichagua hata mara moja. La kwanza aliletewa siku ya harusi, la pili Saidi alilipata mnadani. Hilo la pili ndilo lililokuwa chumbani kwa Shamimu, binti yao wa pekee, alipokuja kujifungua.

Kwao ndiyo desturi, mimba ya kwanza binti huileta kwa mama yake. Shamimu alikuja tumbo limeshakuwa kubwa, miguu imevimba, na hazikupita siku nyingi mama yake akaanza kumkuta asubuhi amekaa kwenye kiti cha barazani, macho mekundu. Godoro lilikuwa la sponji, limeshika bonde katikati. Akilala ubavu, nyonga inazama mpaka inagusa chaga za kitanda. Akitaka kugeuka, anahangaika kama kobe aliyepinduliwa. Hakulalamika. Mwanahawa aliyajua yote kwa kumtazama anavyoshika kiuno akiinuka.

Mkwe wake, Abdulatifu, naye aliyajua. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kutoka mjini kumwona mkewe, na Ijumaa moja akakaa mkekani, akainamisha kichwa.

"Mama, usinielewe vibaya. Shamimu halali. Kule kwa mama yangu kuna kitanda kizuri. Nikija wiki ijayo nikamkuta hivi, naomba nimchukue."

Mwanahawa akasema sawa, mwanangu, wala hakumlaumu, maana kijana alisema kweli. Lakini alipoingia jikoni alishika sufuria, akaliweka, akalishika tena. Alitaka saa ile ya uchungu, mwanawe akiita "Mama", aitike yeye, si mama wa mtu mwingine.

Jumatatu akatoa akiba yake ya foronya, akaenda mjini kwenye duka la magodoro la Tajdin. Tajdin alikuwa stesheni kupokea mzigo, dukani yupo mkewe, Shazia, mama wa makamo aliyezaliwa mtaa huohuo na kukisema Kiswahili cha Tabora kwa mafumbo yake yote. Mwanahawa akaeleza shida yake. Shazia akampeleka moja kwa moja kwenye magodoro ya mpira, yale wanayoyaita ya lateksi, akamweleza kwamba yanatengenezwa kwa utomvu wa mti, hayashiki bonde upesi kama sponji, na ukiyakandamiza yanarudi. Yalikuwapo matatu: laini, la wastani, na gumu.

Mwanahawa akayabonyeza kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kama anayekanda unga wa maandazi. Lile laini likaupokea mkono wake vizuri mno. Akamfikiria mwanawe juu yake, akaona shauri limekwisha. Mtoto anayeumwa hupewa kilicho laini, kuna la kuuliza hapo?

Shazia akamwambia alilalie kwanza. Mwanahawa akatazama nje. Milango ilikuwa wazi, vibarua wamekaa kizingitini, watu wanapita na baiskeli zao. Mke wa mtu ajinyooshe mchana kweupe dukani! Akacheka kwa aibu, akasema mkono unatosha.

"Mkono haubebi mimba, dada," Shazia akamwambia. "Kwa nini hukuja naye?"

Hapo Mwanahawa akasita. Ukweli ni kwamba alimficha. Tangu Shamimu afike hakuwahi kuvuka ua ila kwenda kliniki, na hata huko alikwenda amejitanda khanga mbili, kwa sababu mama yake aliogopa macho ya watu. Aliposema hayo Shazia hakumcheka. Alisema hata yeye mama yake alimficha hivyohivyo, na kuna majirani walioijua mimba siku waliyosikia kichanga kinalia.

Akawaamuru vibarua wayaburute magodoro matatu mpaka stoo ya nyuma, akawatoa, akashusha pazia. Kisha akaingia jikoni kwake, maana nyumba na duka vilikuwa kitu kimoja, akarudi na mfuko wa mchele na khanga. Akamfunga Mwanahawa mchele ule tumboni, akakaza fundo.

"Haya, sasa wewe ndiye Shamimu. Lala."

Mwanahawa akavua viatu, akalala ubavu wa kushoto kama nesi alivyomwelekeza mwanawe. Kwenye lile laini raha ilikuja haraka na ikaondoka haraka. Nyonga ilizama, mchele ukamvuta, kiuno kikapinda kama upinde. Akajaribu kugeuka, akashindwa, akabaki anatazama ukuta.

"Nigeuze," akasema kwa sauti ndogo, na Shazia akacheka mpaka akakaa juu ya magunia.

Kwenye gumu bega lilimuuma papo hapo. Shazia akapitisha mkono chini ya kiuno chake, ukapita kama paka chini ya geti. Akasema hapo kiuno kinaning'inia, hakuna kinachokishika. Kwenye la wastani bega na nyonga vilizama kidogo tu, na mkono wa Shazia ulipita kwa kubanwa. Mwanahawa akageuka mwenyewe, mchele na yeye, akageuka tena.

Kisha akatulia. Uzito ule tumboni ulimrudisha Sikonge, miaka ambayo Saidi alikuwa akipasua mbao huko porini naye ana mimba ya Shamimu, wanalala juu ya majani na mkeka, na hakuna aliyemuuliza panapouma ni wapi. Wala hakudhani ni jambo la kuulizwa. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga ya Shazia.

"Hili linamshika," akasema.

Shazia akampa masharti. Asilianike juani kama magodoro mengine, kwa sababu jua hukausha mpira ukapasuka. Juu yake atandike shuka la pamba. Na nailoni ni ya safari tu, likifika aivue. Mwanahawa akaitikia yote, ila hilo la mwisho aliliacha palepale dukani. Wenye maduka, alijisemea, wanapenda vitu vichakae ili urudi.

Godoro likapakiwa kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, zito, linajikunja kila upande. Saidi akaongeza chaga kitandani ili lisipate pa kuzama, na Mwanahawa akatandika juu ya nailoni shuka lake zuri kuliko yote, lenye maua ya zambarau.

Asubuhi akamkuta Shamimu kwenye kiti cha barazani. Kesho yake vilevile, gauni limelowa jasho mgongoni.

"Ni zuri, mama," Shamimu akasema, akichagua maneno. "Mgongo hauniumi kama zamani. Ila linaniunguza. Na nikijigeuza linapiga kelele, naogopa kuwaamsha."

Saidi alikuwa akinywa chai. "Mama Shamimu," akauliza, "ulimnunulia mtoto godoro au mfuko?"

Mwanahawa akamjibu kwa ukali kwamba kuna kujifungua mbele, na likichafuka je? Saidi akaendelea na chai yake. Lakini Mwanahawa aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na nailoni ikalia chini yake. Ndipo alipokumbuka kuwa lile alilolilalia stoo halikuwa limevikwa kitu. Alilia juu ya godoro tupu, na hewa ilikuwa ikipita.

Akatoa shuka. Akachukua mkasi wake wa kutarizia, akaanzia kona ya miguuni, akaikata nailoni polepole mpaka kichwani. Akatandika upya, na sehemu ya kiuno akaweka khanga kuukuu iliyokunjwa ya kukinga uchafu, basi.

Ijumaa Abdulatifu alikuja na bajaji, akaiacha langoni inaunguruma. Alimkuta Mwanahawa sebuleni na foronya mapajani. Akatoa shikamoo, na kabla hajasema jingine Mwanahawa akainua kidole.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie dereva azime."

Akamsogezea pazia la chumba. Shamimu alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, maua ya zambarau yamekunjika ovyo chini yake. Mwanahawa akamnong'oneza kwamba toka jana ni hivyo, anaamka kuswali na kula, anarudi.

Abdulatifu akalirudisha pazia. Kisha akatoka, akazungumza na dereva, na bajaji ikaondoka tupu. Akarudi, akavua viatu, akajiweka kwenye kochi taratibu. Nailoni ikalia kama moto wa makuti. Wote wawili wakaganda, wakatazama pazia.

Ndani, kimya.

Mwanahawa akamwashiria mkwewe anyanyuke, akanyoosha mkono kuuchukua mkasi.