Mavuno Mawili, Mwaka Mmoja

Harufu ya maharagwe yakichemka ndiyo iliyojaza nyumba yetu ya Smithfield, Australia, msimu ule wa baridi. Nilikuwa na miaka kumi. Karatasi zangu zilisema kumi na minne, kwa hiyo nikawekwa sekondari, kati ya wasichana walionizidi kimo mno, nikizitumbulia macho hesabu zenye herufi badala ya namba. Walimu wakadhani akili yangu ni nzito. Mwishowe shule ikatuita: walitaka kunihamishia darasa la watoto wasioweza kujifunza kama wenzao.

Kosa lilianzia kwa Bibi, mama yake Mama. Kwao, milimani Kivu, umri wa mtoto ulihesabiwa kwa mavuno ya maharagwe, kama walivyohesabu wazee wao tangu kale, na kila mavuno Bibi alifunga fundo moja kwenye kamba ya mgomba. Lakini kule misimu ya mvua ni miwili, na maharagwe huvunwa mara mbili kwa mwaka. Vita vilipotukimbiza hadi kambi ya wakimbizi, Mama yu hoi kwa malaria, karani aliuliza nina miaka mingapi. Bibi akampa kamba. Bwana yule akahesabu mafundo manane, akaandika miaka minane, nami jamani nilikuwa na minne tu! Mama alipogundua, safari ya Australia ilikuwa imekaribia, na walioomba karatasi zao zirekebishwe walirudishwa nyuma ya foleni. Akaziacha vilevile.

Asubuhi ya kwenda shuleni Mama alimsihi Bibi asifungue kinywa. Wakijua karatasi moja si kweli, alisema, watatuona sote waongo, na nani ajuaye watatupeleka wapi. Mdomo uliponza kichwa. Bibi alijifunga kitenge, akatangulia kutoka. Mwalimu mkuu alieleza kwa upole jinsi darasa lile litakavyonifaa, dada mmoja Mkenya akitafsiri, Mama akiitikia tu, machozi yakinilenga. Ndipo Bibi akaiweka ile kamba ya mafundo mezani.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Mtoto huyu si mjinga. Mimi ndiye niliyemzeesha."

Mkalimani alisita, akamtazama Mama kwanza. Mama akainamisha kichwa. Basi akatafsiri yote, mvua na mavuno na kambi, na mwalimu mkuu akasema hana budi kuiandikia serikali kuhusu jambo hilo.

Miezi mingi tulingoja. Mama alikataa kununua hata sufuria mpya, ya nini kununua kama tutafukuzwa? Kisha barua ya serikali ikaja, nikarudishiwa miaka yangu minne, nikarudi shule ya msingi, nikacheza na watoto wa kimo changu. Bibi alikufa bila kujua umri wake mwenyewe, wala haukuwahi kumkosesha usingizi.

Siku hizi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Seven Hills, na kutwa nzima naandika tarehe za watu bila hofu. Mama naye ni raia, ana pasipoti. Lakini barua ya serikali ikifika, hunipigia simu nije niifungue, na ninapoisoma yeye husimama karibu na mlango, amevaa viatu, mkoba mkononi.