Jinsi Janeffer wa Boito Alivyorudi Analogi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kericho na Bomet, wachuma chai, wakamua ng'ombe, wazee wa kanisa na kila aliyewahi kupanda juu ya paa kushikilia antena ili mkewe aone habari: Janeffer Chepyegon wa Boito, umri miaka thelathini na moja, akili timamu, ameamua kurudi analogi. Hakulazimishwa. Hakulewa. Alifikiri wiki tatu nzima, akaamua. Familia imejulishwa.

Kwa mgeni asiyejua, kwetu hilo si neno la ufundi. Ni tusi. Tangu siku ile televisheni zetu za mgongo mkubwa zilipozimwa tukaambiwa tununue ving'amuzi, analogi ni mtu anayefunga mshipi juu ya kitovu na kuandika namba za simu kwenye daftari. Mzee Robert, mjomba wake Janeffer upande wa mama, aliwahi kugombea ukurugenzi wa wakulima wa chai. Akashindwa kwa kura ishirini na mbili. Hadi leo anaamini kilichomwangusha ni maneno yaliyoandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa kituo cha kupimia majani: ROBERT NI ANALOGI. Maneno yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo palipomuuma.

Janeffer mwenyewe ameajiriwa kwenye kiwanda cha chai, upande wa kunyausha majani. Kazi ni kutazama majani mabichi yakipigwa na upepo wa feni mpaka yalegee. Ni kazi ya mtu mtulivu, na aliyempa hakumuuliza mtu yeyote wa kwao. Janeffer hawezi kutulia. Kanisani hukaa mwisho wa benchi, mguu wake utikisike bila kutikisa waumini. Chai huinywa akitembea. Mchumba wake wa mwisho alisema kukaa naye ni kama kupanga chumba juu ya kinu cha kusaga mahindi, akahama.

Sasa zile feni za kiwandani hutoa sauti moja nzito, kutwa nzima, haibadiliki. Wenzake waliisikia kama kelele. Yeye akaanza kuipigia mguu. Kisha akaipigia vidole kwenye mbao. Kisha akaanza kutengeneza muziki kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka: muziki wa dansi wa elektroniki, ule usio na maneno, unaozunguka na kuzunguka mpaka goti lako liamue lenyewe. Akaupeleka kwa Onchiri, mwenye klabu mjini Kericho.

Onchiri alisikiliza nyimbo mbili kwa spika ya baa, ameegemea kaunta.

"Nyimbo ni nzuri," akasema. "Shida ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo shida. Umesimama hapo unabonyeza simu, watu watafikiri unaomba mtu nauli. Nilikuwa na mwingine wa kompyuta, alikuwa anabonyeza mara moja halafu anakula chipsi mpaka saa ya kulipwa. Mimi nataka mtu aonekane anafanya kazi. Azungushe kitu."

"Azungushe nini?"

"Sijui, madam. Wewe ndiye mwanamuziki. Leta mashine, si simu. Wiki tatu kutoka leo, Jumamosi saa tisa mchana, kabla watu hawajaingia. Ukinipendeza, Jumamosi ni zako. Usiponipendeza, kuna kijana anaitwa Zack ananisumbua kila siku."

Jumamosi ni zako. Miaka saba mtu anatazama majani yakinyauka, halafu anaambiwa kuna siku moja kwa wiki ambayo inaweza kuwa yake. Siku hiyo Janeffer alipitwa na gari lake la kurudi Boito akiwa amesimama kando ya barabara, anatikisa mguu.

Mashine aliyohitaji inaitwa sinthesaiza ya analogi. Ni kinanda ambacho ndani yake hakuna kitu kilichopikwa tayari. Hakuna tarumbeta, hakuna kwaya. Kuna umeme unaotetemeka, na vidude vya kuzungusha. Kimoja kinanenepesha ule mtetemo, kingine kinaukata makali, kingine kinaamua sauti ibishe hodi au ivunje mlango. Sauti unaitengeneza mwenyewe, kwa vidole, hapo hapo. Kesho ukiitafuta tena hutaipata vile vile.

Na alikuwa na elfu thelathini, basi.

Akaanza kutafuta kwenye simu. Jumatatu akaitaka ile ndogo ya betri, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kwa sababu stima ya Boito huja kama mgeni. Jumanne akaikataa: vitufe vyake ni vya kugusa juu juu, na vidole vyake yeye vimezoea kubeba. Jumatano akaitaka inayotoa sauti nne kwa pamoja, akaona bei, akaifunika simu kwa kiganja kama picha ya aibu. Alhamisi akaamua sauti moja kwa wakati inatosha. Feni ya kiwanda nayo hutoa moja na haijawahi kuomba msamaha. Ijumaa akarudi kwa ile ndogo. Bando la mwezi likaisha kwa siku tisa.

Mwishowe akampata Omollo, muuzaji wa vyombo vya muziki vya mitumba huko Kisumu. Omollo alikuwa na analogi moja ya elfu ishirini na nane: mitetemo miwili ndani, vitufe vya kweli, kimoja tu kimekufa. Janeffer akamwomba amwekee. Na kwa bahati, mzee Robert alikuwa anaenda Kisumu Jumatano kupimwa macho, siku tatu kabla ya ile Jumamosi ya Onchiri. Janeffer akampa pesa, akamwandikia Omollo ujumbe: "Mama atapitia Jumatano kuchukua."

Hapa ndipo nchi hii inapohitaji mkalimani. Kwa Kipsigis, kaka wa mama yako unamwita mama. Awe na masharubu, awe na ng'ombe kumi na wanne, awe ameshindwa uchaguzi: ni mama. Janeffer amemwita Robert hivyo tangu ajue kusema, na hakufikiri. Omollo ni mtu wa ziwani. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, akaketi kumngojea mwanamke.

Jumatano jioni Robert akaingia uani na boksi refu kama benchi la kanisa.

"Mama," Janeffer akasema, "hii si ile."

"Najua si ile. Ile ulisema ni analoki." Robert, kama wazee wengi wa huko, g humtoka k, na mara nyingine b ikawa p na d ikawa t, na hajawahi kuzikimbiza. "Nimefika kwa huyo mtu wako. Nikamwambia nimetumwa na Janeffer. Akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema ni mama yake. Akaniangalia kutoka juu mpaka viatu. Akasema, mzee, toka."

"Toka?"

"Toka. Nikaona hata ni Mungu amepanga. Nikaingia duka inayofuata. Macho bado yana dawa, naona watu kama moshi, lakini masikio iko sawa. Mwenye duka akaponyeza. Tarumpeta. Akaponyeza, kwaya. Akaponyeza, mvua. Sauti mia tatu, Janeffer. Tichitali kabisa. Nimeongeza elfu tano yangu."

Janeffer alikuwa bado anatazama boksi.

"Mimi walinicheka, inatosha," Robert akasema, polepole kidogo. "Sikutaka uende Kericho mbele ya watu na kitu ya analoki."

Zawadi ya mjomba wa upande wa mama hairudishwi. Mtu anayeirudisha huanza kuhesabu ni nini kitakufa kwanza, ndama au jino. Janeffer akashukuru. Akaichomeka kwenye stima, akabonyeza kitufe kimoja, na kinanda kikaanza chenyewe: ngoma, gitaa, filimbi, wimbo mzima wa harusi usio na bibi wala bwana. Mguu wake ukatulia. Robert, aliyemlea nusu ya maisha, hakuwahi kuuona umetulia, na akaogopa.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama."

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya chai, alimpigia Omollo simu nyuma ya kiwanda.

"Dada, mama yako hakuja," Omollo akasema kabla hajasalimiwa. "Nimengoja mpaka nikafunga. Alikuja tapeli mmoja tu, masharubu kama brashi ya viatu, ati yeye ndiye mama. Nikamtoa."

"Huyo ndiye mama."

"Huyo ndiye mama?"

"Ni mjomba wangu. Kwetu mjomba ni mama."

Omollo akalipanga jambo hilo kichwani. "Sasa huko kwenu baba anaitwa nani?"

"Omollo, iko ama haiko?"

"Iko. Mwambie mama arudi. Hata aje na masharubu yake."

Kurudi kulikuwa kazi, maana ilibidi kwanza mzee aambiwe. Jioni hiyo Janeffer alizunguka ng'ombe wa Robert mara tatu akitafuta maneno, mpaka ng'ombe akaacha kutoa maziwa. Mwishowe akamwita sebuleni, akakiwasha kinanda, akabonyeza mara moja, akakunja mikono. Harusi ikaanza. Wote wawili wakasimama wakiitazama.

"Sasa hapo mimi nafanya nini?" akauliza.

"Unatabasamu."

"Mama. Onchiri alisema anataka mtu anayefanya kazi. Hii inafanya peke yake. Nikienda nayo, Jumamosi anapewa Zack."

Robert akasikiliza harusi mpaka mwisho. Kinanda kikajipigia makofi chenyewe. Nayo yalikuwa miongoni mwa zile sauti mia tatu.

"Kwa hivyo analoki ndiyo ile ya kufanya kazi," akasema.

"Ndiyo."

"Na tichitali ndiyo ile ya kusimama."

"Kwa mambo yangu, ndiyo."

"Watu wangejua hiyo wakati wa kura." Akakizima kinanda mwenyewe, akakirudisha kwenye boksi. "Kesho omba ruhusa kazini. Tunaenda wote. Na huyo mtu ataniita mama, ama sitoki kwa duka yake."

Ijumaa Omollo alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajavuka barabara.

"Karibu, Mama," akasema, na akaokoa siku yake.

Robert akavua kofia, akaketi, akapewa soda. Omollo akaiwasha ile mashine. Ikatoa sauti iliyopinda, kama mtu aliyeamshwa.

"Ngoja ipate moto. Dakika kumi hivi," akasema. "Analogi ikiwa baridi inapoteza sauti yake, inateleza."

"Kama trekta," Robert akasema.

Ilipopata moto Janeffer akashika kidude cha kwanza. Sauti ikanenepa. Akashika cha pili, ikaanza kufunguka polepole kutoka chini, na vioo vya duka vikatetemeka.

"Inalia kama ng'ombe amekwama kwa matope," Robert akasema.

"Ni mbaya?"

"Nimesema ng'ombe. Ng'ombe ni mbaya?"

Hapo Omollo, akitaka kusaidia, akafanya kosa la kuleta nyingine ya pili, mpya zaidi, ina taa. Janeffer akaenda kwa ile ya taa. Akarudi kwa ya kwanza. Akaenda. Akarudi. Ya taa ilikuwa safi, haipotezi sauti, na vidude vyake vilizunguka vyepesi kama kifuniko cha chupa tupu. Ya kwanza ilikuwa mzee, jino moja hakuna, lakini kile kidude cha kukata makali kilikuwa kizito. Kilimsukuma mkono. Akaenda tena kwa ya taa.

"Janeffer," Robert akasema bila kugeuka. "Ile inayokusukuma."

Akaichukua. Omollo akakubali kubadilishana na kinanda cha dijitali bila kubishana. Alisema kufika Jumapili kitakuwa kimeshaokoka, makanisa yanapanga foleni kwa vile vya kwaya.

Jumamosi mvua ya mawe iliipiga Kericho tangu adhuhuri, baridi ikaingia kwenye klabu kupitia kila ufa. Onchiri alikuwa kwenye kiti cha juu, amefunga koti. Robert alikuwa pembeni, mzee wa kanisa ndani ya baa mchana kweupe, akimweleza Eddah wa kaunta kwamba yeye ndiye mama. Eddah akamwambia hongera.

Janeffer akaweka mapigo kwenye simu, na juu yake akaleta ile sauti nzito. Kwa dakika tatu ilikuwa safi. Kisha baridi ikaifikia mashine, na sauti ikaanza kuteleza chini, taratibu, kama mtu anayelala kwenye ibada. Akairudisha kwa kidude kimoja. Ikateleza tena. Akairudisha, akafungua mtetemo wa pili kuificha, akakata makali, akaruka kitufe kilichokufa, akakisahau, akakipiga, pakawa na shimo, akalijaza kwa kiganja. Mikono haikupata nafasi ya kupumzika hata kidogo. Mguu ukapiga sakafu mpaka glasi zikasogea. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Alipozima, alikuwa anahema kama aliyebeba gunia la majani kupanda mlima.

Onchiri alitoa kijiti cha meno mdomoni.

"Huyu sasa anafanya kazi," akamwambia Eddah, na akamwita Janeffer ofisini.

Nilimpata Jumatatu akitoka kiwandani, anatembea haraka. Nikamuuliza, kwa uzito unaostahili tukio kama hili: taifa zima limekimbilia mbele na yeye peke yake akageuka nyuma, akamtakasa mjomba wake kutokana na jina lililomwangusha, sasa anataka vizazi vijavyo vya Kericho na Bomet vikumbuke nini.

"Onchiri amenipa Jumamosi mbili kwa mwezi," akasema. "Na nijiletee ekstensheni yangu ya stima."